Makaa ya Miti Nyumbani: Kazi Yake na Mpaka Wake

Mara nyingi twasikia watu wakiulizana kama ni kweli kwamba makaa ya miti, ambayo huku kwetu Bukavu twayaita makala, yaweza kusafisha maji ya kunywa na hewa ya nyumbani. Wazee wengine wasema ndiyo, nao wana ushahidi wao. Vijana waliosoma huwacheka, wakisema hayo ni mambo ya kale. Leo twataka kulieleza jambo hili kwa utaratibu. Kila upande una sehemu ya ukweli, na anayekosea hapa aweza kuleta msiba katika jamaa yake.

Jibu letu kwa ufupi ni hili. Makaa yana nguvu ya kweli ya kuondoa harufu mbaya, ladha mbaya na rangi. Lakini hayaui vijidudu vya ugonjwa. Tena makaa hayo hayo, yakiwaka ndani ya chumba kilichofungwa, huharibu hewa hata kuua watu. Basi yatupasa kujua kazi yake na mpaka wake.

MAKAA NI KITU GANI?

Mchoma makaa wa Kabare au Walungu hupanga magogo yake, mara nyingi ya mikaratusi, huyafunika kwa majani na udongo, kisha hutia moto na kuacha nafasi ndogo tu ya hewa kuingia. Kwa kuwa hewa ni haba, mti hauteketei ukawa majivu. Maji yaliyomo ndani yake hutoka kama mvuke, gesi na lami hutoka pamoja na moshi, na kinachobaki zaidi ni kaboni. Umbo la gogo hubaki vile vile, ila sasa limejaa vitundu visivyo na idadi.

Ninyi wanafunzi mwaweza kujionea wenyewe. Chukueni kipande kikavu cha kaa, mkifunge pamoja na jiwe ili kizame, kisha mkitie polepole katika kopo la maji ya moto. Mtaona vipovu vidogo vikipanda juu. Hiyo ndiyo hewa iliyokuwa imejificha ndani ya vitundu.

Vitundu vingi ni vidogo sana, hata darubini ya shule haiwezi kuvionyesha. Lakini mkihesabu kuta zake zote pamoja, mtapata uwanja mkubwa ajabu, kama vile nguo kubwa iwezavyo kukunjwa ikaingia katika kikapu kidogo. Viwandani watu hutengeneza makaa ya namna ya pekee, yaitwayo makaa amilifu, kwa kuyapitishia mvuke wenye joto la nyuzi 800 na zaidi. Gramu 1 tu ya makaa hayo yaweza kuwa na kuta za ndani zenye eneo la mita za mraba 500, hata 1,000 na kupita. Makala ya mbabula hayafikii nguvu hiyo, lakini asili yake ni moja.

Vitu vinavyoleta harufu, rangi na ladha mbaya hunata juu ya kuta hizo. Liangalieni vema neno hili, hunata. Makaa hayavili vitu hivyo, wala hayaviteketezi, bali huvishika tu. Kuta zikijaa, kazi yake imekwisha.

WATU WALIJUA TANGU ZAMANI

Wazee hawakukosa akili. Wafugaji wa Kikalenjini, huko Kenya, husugua ndani ya kibuyu kwa kijiti kilichochomwa mpaka kikawa kaa, kisha humimina maziwa humo. Maziwa hayo, yaitwayo mursik, hupata harufu nzuri na rangi ya kijivu, nayo hukaa siku nyingi.

Wataalamu wa sayansi nao walifika huko kwa njia yao. Mwaka 1785, katika mji wa Saint Petersburg, mkemia Tobias Lowitz aligundua kwamba unga wa makaa huondoa rangi katika maji ya dawa aliyokuwa akiyatengeneza. Akaendelea kuujaribu kwa maji machafu, akaona harufu yake yatoweka. Katika vita kuu ya kwanza, gesi za sumu zilipoanza kutumiwa mwaka 1915, askari walipewa vifuniko vya uso vyenye makaa ndani yake. Mwaka 1918 wananchi wa Marekani waliombwa kukusanya kokwa za matunda na vifuu vya nazi, ili vichomwe kuwa makaa ya vifuniko hivyo. Hata leo hospitali huwapa makaa amilifu baadhi ya watu waliokunywa sumu, ili sumu inate juu yake kabla haijaingia katika damu.

Kwa hiyo anayesema makaa hayana kazi amekosea. Tutazame sasa mahali ambapo kazi hiyo hukoma.

MAJI: JICHO NA ULIMI HUDANGANYIKA

Bukavu ni mji wa maji. Ziwa Kivu limetuzunguka, mto Ruzizi watoka hapa hapa kwetu, na mvua hainyimi. Walakini maji safi ni shida ya kila siku. Mabomba ya Regideso hayafikishi maji kila wakati katika vilima vyote vya Ibanda, Kadutu na Bagira. Watoto hushuka na bidoni zao mpaka kwenye chemchemi, kwenye vijito au ziwani. Na mvua kubwa inyeshapo juu ya nyumba zilizosongamana, uchafu wa vyoo vya mlimani huteremka bondeni, mahali pale pale maji yanapotekwa.

Mama akiona maji yamechafuka, au yananuka matope, hufikiri: haya hayafai. Akiyaona yanang'aa, hufikiri: haya ni mazuri. Hapo ndipo hatari ilipo. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Tuikumbuke habari ya mwaka 1994. Mwezi wa Julai mwaka huo, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma, upande wa kaskazini wa ziwa hili letu. Ardhi ya huko ni mawe magumu ya volkano. Kuchimba visima au vyoo kulikuwa kazi ngumu mno. Watu wengi waliteka maji ya Ziwa Kivu. Hayakuwa maji ya kutisha kwa macho. Lakini kipindupindu, ndiyo kolera, kiliingia humo, na baada yake kuhara damu. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu karibu 50,000.

Kijidudu cha kolera kilionekana kwanza kwa darubini ya mganga Filippo Pacini, mjini Florence, mwaka 1854. Miaka thelathini baadaye, mwaka 1884, daktari Mjerumani Robert Koch alikithibitisha huko India kuwa ndicho chanzo cha ugonjwa. Ni kidogo hata vijidudu kama 500 vikipangwa mmoja nyuma ya mwingine vyatimiza urefu wa milimita 1 tu. Hakina harufu wala ladha. Maji yaliyobeba maelfu yake yaweza kung'aa kama kioo.

Je, makaa yaweza kukikamata? Fikirini. Vile vitundu vidogo vinavyoshika harufu ni vyembamba mno, kijidudu hakiwezi kuingia humo. Na nafasi zilizoko kati ya punje moja ya makaa na nyingine ni pana mno, kijidudu hupita kama mtu apitavyo katika barabara kuu. Baadhi yake hunaswa njiani, lakini wengi hupita. Tena makaa yaliyokaa majuma mengi katika maji huwa na utelezi, na vijidudu hujenga makao humo na kuongezeka. Chujio lililozeeka laweza kuyachafua maji kuliko yalivyokuwa.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Makaa hunyonya klorini. Mtu akitia dawa ya klorini kwanza, kisha akayapitisha maji katika makaa, makaa huiondoa dawa ile, na maji hubaki bila mlinzi. Na jambo la tatu: makaa hayaondoi chumvi zilizoyeyuka. Ladha ya maji ya ziwa, yenye madini mengi, haitaondoka yote hata mkiyachuja mara kumi.

NAMNA YA KUYATUMIA VEMA

Basi makaa yatumiwe, lakini yawekwe mahali pake katika safu ya kazi. Utaratibu ni huu.

Kwanza, yaacheni maji yatulie katika chombo kilichofunikwa, matope yakae chini. Myamimine polepole katika chombo kingine, mkiyapitisha katika kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara nne au zaidi. Msikidharau kitambaa hicho. Huko Bangladesh wataalamu waliwafundisha akina mama wa vijijini kuchuja maji kwa nguo zao kuukuu zilizokunjwa, na mwaka 2003 wakatangaza kwamba wagonjwa wa kolera katika vijiji hivyo walipungua karibu nusu. Sababu yake ni kwamba vijidudu vingi vya kolera hupanda juu ya viumbe vidogo vya majini, na viumbe hivyo hunaswa na kitambaa. Lakini karibu nusu si wote, kazi haijaisha.

Pili, yapitisheni katika chujio. Chukueni ndoo safi iliyotobolewa chini. Wekeni kokoto zilizooshwa, juu yake makaa yaliyopondwa kwa ukubwa wa punje za mahindi, na juu kabisa mchanga safi, uliooshwa mpaka maji yake yakatoka bila vumbi. Makaa yawe ya mti mtupu. Msitumie makaa ya mbao zilizopakwa rangi, wala yaliyomwagiwa petroli. Yaosheni kwanza. Maji ya kwanza kutoka yatakuwa meusi, myamwage. Makaa yabadilishwe kila baada ya majuma machache, au mara tu harufu ya maji inaporudi. Yale ya zamani yakianikwa jua yafaa kwa moto, hayapotei bure.

Tatu, na hii ndiyo kazi kuu, waueni vijidudu. Chemsheni maji, au tieni klorini. Wakati wa kolera, wafanyakazi wa afya husimama penye maji na kutia klorini katika kila bidoni. Msiwakimbie, wala msiimwage dawa yao kwa sababu ya harufu yake. Wanaonunua dawa wenyewe wafuate kipimo kilichoandikwa juu ya chombo, na wangoje nusu saa kabla ya kunywa. Kumbukeni: makaa kwanza, dawa mwisho. Msigeuze.

Nne, yatunzeni maji katika chombo chenye mdomo mwembamba na kifuniko. Maji yaliyosafishwa kwa taabu huharibika mara moja mtoto akichovya kikombe kwa mkono uliotoka chooni bila kunawa.

BEI YA KUCHEMSHA

Tunajua mama fulani atatuuliza: Makala ya kuchemshia nitayapata wapi? Swali hilo ni la haki, wala hatutaki kulipita juu juu.

Mji wetu uko mahali pa juu, mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka penye nyuzi 95 hivi, si 100. Joto hilo latosha kabisa. Yakitokota kwa nguvu muda wa dakika 1, vijidudu vya kuharisha vimekufa. Lakini bidoni ya lita 20, ikichemshwa juu ya mbabula ya kawaida, ambayo hupoteza sehemu kubwa ya joto lake, hula karibu kilo 1 ya makala. Jamaa kubwa haiwezi kufanya hivyo kila siku, ikabaki na makala ya kupikia maharagwe.

Tena makala hayo hutoka mahali fulani. Mengine hutoka katika mikaratusi iliyopandwa na wananchi, na hilo si baya. Mengine hutoka katika msitu wa Kahuzi-Biega, mbuga ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1970, ikatiwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 1980, na tangu mwaka 1997 katika orodha ya urithi ulio hatarini. Msitu ule huzishika mvua na kuzilisha chemchemi. Tukiukata ili tuchemshe maji, tutayakausha maji yenyewe.

Kwa hiyo twashauri hivi. Maji ya kunywa na yasiwe maji yote. Tengeni ya kunywa pekee, nayo yachemsheni juu ya moto ule ule mara mkimaliza kupika, wakati makaa bado yana nguvu. Hakikisheni tu kwamba yametokota. Maji ya vuguvugu hayajasafika. Ikiwa makala ni ghali, klorini hugharimu kidogo kuliko moto.

Kuna na njia ya jua, isiyo na gharama. Jazeni maji katika chupa za plastiki zinazopenya nuru, zisizozidi lita 2, mzilaze juu ya bati muda wa saa 6 za jua kali. Mawingu yakifunika nusu ya anga, ziacheni siku 2 nzima. Siku za mvua mfululizo msiitegemee njia hii. Na hapa chujio letu lasaidia kweli, maana nuru haipenyi maji yenye tope. Kitambaa, mchanga na makaa huyang'arisha maji, kisha jua humaliza kazi.

HEWA: MAKAA BARIDI NA MAKAA YA MOTO

Sasa tuje kwenye hewa. Makaa baridi, makavu, yakiwekwa katika kikapu kidogo ndani ya kabati la nguo, penye viatu, au katika pembe ya chumba chenye unyevu, hupunguza harufu na kunyonya unyevu kidogo. Hakuna hatari. Yaanikeni juani mara kwa mara ili yakauke, na baada ya muda myabadilishe. Lakini msidhani kwamba yatawaponya wenye kikohozi, au kwamba yatauondoa moshi wa jikoni. Kwa moshi hakuna dawa ila dirisha, mlango na bomba la kutolea moshi. Shirika la Afya la Dunia lasema kwamba katika mwaka 1 wa 2020, hewa chafu ya majumbani, itokayo hasa katika mioto ya kupikia, iliua watu milioni 3.2 duniani.

Makaa ya moto ni habari nyingine kabisa. Jioni za Bukavu zina baridi, hasa wakati wa mvua. Mama amemaliza kupika, makala yamebaki mekundu, hayatoi moshi tena. Baba asema: Ingizeni mbabula chumbani, watoto wapate joto. Wanafunga mlango na dirisha, wanalala. Wanadhani hatari ilikuwa katika moshi, na moshi umekwisha.

Sivyo. Makaa yanapowaka penye hewa haba hutoa gesi iitwayo monoksidi ya kaboni. Haina rangi. Haina harufu. Haikereketi koo. Katika miaka ya 1850 mtaalamu Mfaransa Claude Bernard alionyesha jinsi inavyoua: huingia katika damu na kukikalia kiti cha oksijeni. Damu huipenda gesi hiyo zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu huvuta pumzi kama kawaida, lakini mwili wake hausongi mbele. Kichwa chauma, kizunguzungu chaja, moyo wachafuka, miguu yaishiwa nguvu. Aliyelala hasikii lolote katika hayo. Hulala moja kwa moja.

Na yale makaa baridi yaliyoko katika kikapu hayawezi kumwokoa, maana gesi hii hainati juu yake. Hata vile vifuniko vya askari vyenye makaa peke yake haviizuii.

Kwa hiyo hii iwe sheria ya kila nyumba: mbabula yenye moto hailali na watu. Itolewe nje, au izimwe, kabla mlango haujafungwa. Joto la usiku litafutwe kwa blanketi. Mkimkuta mtu amelegea katika chumba chenye mbabula, fungueni milango na madirisha yote, mtoeni nje penye hewa safi, na mpelekeni hospitali bila kukawia, hata kama amezinduka. Naye aingiaye kumwokoa asikae ndani, asije akaanguka pamoja naye.

TUSHIKE NENO MOJA

Mkitazama vema mtaona kwamba maji na hewa hutufundisha somo moja. Makaa huyaponya yale ambayo pua, jicho na ulimi huyalalamikia. Lakini kijidudu cha kolera hakinuki, na gesi ya mbabula haionekani. Mauti hupita pale ambapo hisi zetu hazina mlinzi.

Enyi baba na mama wa jamaa, msiyatupe mafundisho ya wazee, yaongezeeni ujuzi. Chujeni kwa makaa mkipenda, kisha chemsheni au tieni dawa. Wekeni makaa kabatini, na mbabula ya moto nje. Nanyi wanafunzi, someni habari hii kwa sauti jioni, ili na nyanya asiyejua kusoma aisikie. Kinga ni bora kuliko tiba, na kinga hii haina gharama kubwa: kitambaa, kifuniko, dirisha wazi, na kukumbuka.